Vidole vya Mama

"Vidole ni vyangu au ni vyako?"

Swali hilo limenikaa kooni tangu Jumanne. Dada amejifungua salama, mkataba wangu wa kazi umeongezwa, na bado nikilala ni hilo tu ninalolisikia.

Daktari aliuliza kama kawaida kabla ya kuruhusu dripu ya dawa za saratani ya utumbo mpana: "Mama, ganzi inaendeleaje?" Mama akajibu haraka, "Haina neno, daktari. Ni ile ya baridi tu." Ya baridi tumeizoea: akishika chupa iliyotoka kwenye friji vidole vinamchoma, akinywa maji baridi koo linakaba, kisha baada ya siku chache hutulia. Hii ya sasa haitulii. Asubuhi ile ile nilimwona akihangaika na kifungo cha juu cha blauzi. Kilikuwa kinamponyoka, anakitafuta kwa macho kwa kuwa vidole havimwambii tena kiko wapi. Nikasema. Ndipo akanigeukia, mbele ya daktari.

Sikumjibu. Ni vyake, kweli. Lakini ganzi isiyoondoka kati ya dozi na dozi ndiyo hasa wanayoiulizia. Madhara ya oksaliplatini, ile dawa ya dripu inayoleta ganzi, kwenye mishipa ya fahamu hulimbikizana, na yanaweza kuzidi hata miezi kadhaa baada ya dawa kuachwa. Nilitaka nini, ninyamaze?

Daktari hakumgombeza. Alisema wataisimamisha hiyo moja, ile dawa nyingine, fluorourasili, iendelee kwenye pampu kama kawaida. Akamweleza utafiti wa 2018 uliounganisha majaribio sita, wagonjwa zaidi ya 12,000 wa hatua ya tatu kama yeye: waliotibiwa miezi mitatu walikaribiana sana na wa miezi sita katika saratani kutorudi, na ganzi yao ilikuwa ndogo zaidi. Miezi mitatu Mama keshaivuka. Alisikiliza ameinamisha kichwa, na njia nzima hakunisemesha.

Basi jana usiku namsikia anaongea na Dada kwenye simu: "Mwanangu, niliogopa wakipunguza dawa, ugonjwa utasikia." Utasikia! Alikuwa anauficha ugonjwa habari, wala si mimi. Kisha akacheka, cheko lake lile la zamani, akasema atamfumia mtoto kofia, vidole vikikubali. Vikikubali, kasema mwenyewe. Nimefurahi mno.

Ila mdogo wetu bado hajathibitisha nafasi yake ya chuo, mwisho ni Ijumaa, na simu hapokei.