Kipupwe Chini ya Mkorosho wa Maji Moto

Tangu kipupwe kilipoingia nimekuwa nikidamka kwenda shambani kwa mjomba wangu, nje kidogo ya mji wa Mtwara, nikiwa na kamera, lenzi moja ya makro na flashi moja, na karibu muda wangu wote nimeumalizia chini ya mkorosho mmoja. Wenzangu katika uraibu huu wa kupiga picha za karibu hupenda kuzunguka, leo vipepeo, kesho vunjajungu, keshokutwa maua ya porini, na hurudi na picha nzuri ambazo nami huzifurahia. Lakini mimi nimezidi kuamini kwamba mdudu hapigwi picha ipasavyo mpaka mpigaji ajue mdudu huyo anafanya nini, saa ngapi na kwa sababu gani, na ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kupita njia. Ndiyo maana msimu huu nimewachagua maji moto, wale sisimizi wa kahawia inayoelekea wekundu ambao kila aliyewahi kupanda mwembe au mkorosho wa pwani anawafahamu kwa meno yao.

Saa za kazi haziamuliwi na mpigaji. Joto la mwili wa mdudu hutegemea joto la hewa inayomzunguka, kwa hiyo alfajiri ya kipupwe maji moto huwa wazito, hutembea taratibu juu ya majani yenye umande, na huvumilia lenzi iliyosogezwa hadi sentimita chache kutoka usoni pao. Jua likishapanda hukimbia kwa kasi ambayo jicho langu haliwezi kuifuata ndani ya kamera, na kabla ya adhuhuri kusi huwa imeshaanza kuvuma. Mtu anayepiga picha ya mandhari hawezi kujua jinsi upepo mwepesi unavyoweza kuharibu kila kitu pale ambapo jani likisogea upana wa punje ya mchele mdudu mzima anatoka nje ya picha.

Jambo lililonifunga chini ya mti huu ni ushonaji. Kiota cha maji moto ni majani mabichi ya mti wenyewe, yaliyovutwa pamoja na kuunganishwa kwa hariri. Wafanyakazi hujipanga ukingoni mwa jani, miguu ya nyuma ikiwa imeng'ang'ania jani moja na meno yakiwa yameuma jani la pili, kisha huvuta kwa pamoja. Na pengo likiwa pana kuliko urefu wa mwili, mmoja humshika mwenzake kiunoni, naye hushikwa na wa tatu, hadi mnyororo wa miili iliyo hai unavuka kutoka jani hadi jani. Majani yakishakaribiana, wafanyakazi wengine huleta mabuu kutoka kiota kingine. Mfanyakazi humshika buu katikati ya meno yake, humgusisha kichwa kwenye ukingo wa jani hili, humvusha hadi ukingo wa jani lile, kisha humrudisha, na buu hutoa uzi wa hariri unaobaki umeambaa kati ya kingo hizo mbili. Sisimizi wengi wa jamii nyingine, wakiwa mabuu, hutumia hariri kujifumia kifuko cha kugeukia pupa, yaani hatua ya kutulia kabla ya kuwa sisimizi kamili. Mabuu wa maji moto huitoa kwa ajili ya kiota, na wao wenyewe hugeuka pupa bila kifuko chochote. Kila ninapolitazama jambo hili kupitia lenzi najiona mtu mwenye bahati, kwa sababu wanaopita chini ya mti uleule huona tonge la majani tu.

Katika picha ninayoipenda kuliko zote, buu amekaza mwili mweupe, hajikunji kama mabuu wafanyavyo kwa kawaida, na papasi mbili za mfanyakazi aliyembeba, zile pembe nyembamba za kupapasia zilizo kichwani, zimeshuka hadi kugusa jani, zikipima mahali ambapo kichwa cha buu kitawekwa. Picha hiyo ina ukali pale tu ninapotaka uwepo: kwenye meno, kwenye kichwa cha buu na kwenye ncha za papasi. Kiuno cha mfanyakazi na miguu yake ya nyuma vimeyeyuka katika ukungu wa kijani.

Hapo ndipo ilipo kazi yenyewe ya picha za makro. Katika kipimo cha 1:1, mdudu wa milimita 8 huchukua milimita 8 za sensa, yaani kile kibamba ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na hata nikilifunga tundu la lenzi hadi f/11, unene wa eneo lenye ukali hauzidi sana milimita moja. Kulifunga zaidi husaidia kidogo tu, kwa sababu mwanga unaopenya katika tundu dogo hutawanyika, na picha nzima hulainika hata pale ambapo fokasi iko sawasawa. Zaidi ya hayo, kadiri lenzi inavyosogezwa mbele ili kukuza, ndivyo mwanga unaoifikia sensa unavyopungua. Katika 1:1 hubaki takriban robo yake. Kwa hiyo flashi hainisaidii kwa kuangaza tu. Nikiipunguza nguvu, mmweko wake hudumu muda mfupi kiasi cha 1/10,000 ya sekunde, na mguu wa sisimizi anayekimbia huganda kana kwamba umesimama. Mbele ya flashi hufunga kipande cha dumu jeupe la plastiki, kwa sababu ngozi ya maji moto hung'aa, na mwanga mkavu huacha doa jeupe kichwani mwake na kufuta kila unywele.

Kwa anayeanza, ninasema kwa uzito kwamba lenzi ya gharama si sharti. Lenzi ya zamani ya milimita 50 iliyopinduliwa na kufungwa kwa pete mbele ya kamera hutoa ukali wa kushangaza, mradi iwe ni ile ambayo tundu lake hurekebishwa kwa mkono.

Kukaa mahali pamoja kumenipa pia kiumbe ambaye nisingempata kwa kuzunguka. Miongoni mwa sisimizi waliokuwa wakipita kwenye tawi, kulikuwa na mmoja aliyetembea kwa kusitasita, akisimama na kuendelea, na nilipoikuza picha yake nilihesabu miguu minane. Ni buibui mrukaji wa jenasi ya Myrmarachne, ambaye mwili wake umebanwa katikati ukafanana na kichwa, kifua na tumbo la sisimizi, na ambaye miguu yake ya mbele huinuliwa na kuchezeshwa kama papasi. Macho ndiyo humtoa hadharani: mawili makubwa ya mviringo yanatazama mbele moja kwa moja, na sisimizi hana macho ya namna hiyo. Dume wake ni wa ajabu zaidi, kwa kuwa taya zake zimerefuka mbele ya uso kiasi kwamba huonekana kama sisimizi aliyebeba sisimizi mwenzake.

Mjomba, ambaye maisha yake yote ni mikorosho, hakuwa na neno na ukimya wangu chini ya mti, ila siku moja aliniuliza, "Mjomba, hao unaowapiga picha wanakusaidia nini?" Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera mbu wa mikorosho (si mbu wa kawaida, bali mdudu anayefyonza mimea) aliyekamatwa na maji moto watatu, mmoja kwa kila upande wa mwili na wa tatu kwenye papasi, juu ya mgongo wa mbu huyo kulionekana wazi ule mwiba wenye kirungu nchani unaomtambulisha. Mjomba anayajua vizuri madoa meusi ambayo mdudu huyo huyaacha kwenye machipukizi na maua baada ya kuyafyonza, lakini hakuwahi kumwona kwa ukaribu ule, na aliishika kamera kwa muda mrefu. Watafiti wa TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo kilicho hapa hapa Mtwara, wamechunguza namna maji moto wanavyoilinda mikorosho, na kule Unguja utafiti kuhusu ulinzi wao kwa minazi ulikuwa umekwisha kuchapishwa katika miaka ya 1950. Wavunaji wana haki ya kulalamika kuhusu kuumwa, nami naumwa kila siku, lakini inaniuma zaidi kuona viota vikichomwa moto au kupuliziwa dawa na mtu ambaye hajapata kuona kilichomo.

Ninaandika hivyo pia kwa ajili ya wapiga picha wenzangu. Wapo wanaomtia mdudu kwenye friji ili atulie, au wanaombandika kwa gundi, kisha wanaisambaza picha kana kwamba walimkuta hivyo. Naliona hilo ni jambo baya, kwa mdudu na kwa mtazamaji pia, kwa kuwa anayeiamini picha hiyo anafundishwa mkao ambao mdudu huyo hana. Baridi ya alfajiri inatosha.

Kilichobaki msimu huu ni uzi wenyewe. Katika picha zangu zote buu anaonekana na jani linaonekana, lakini hariri inayomtoka haijaonekana hata mara moja, kwa sababu uzi mwembamba kiasi hicho hupotea ukimulikwa kwa mbele na hung'aa tu mwanga ukitokea nyuma yake. Rafiki yangu amekubali kuniazima flashi ya pili, nami nitaifunga nyuma ya majani, ikiwa imeinama kidogo ili isiangaze moja kwa moja ndani ya lenzi. Mjomba amekwisha kunionyesha tawi la upande wa mashariki ambako kundi jipya limeanza kuvuta majani machanga.