Maswali ninayomuuliza mteja kabla sijamgusa

Kazi yangu ni masaji, na kitu kilichonisumbua muda mrefu ni zile fomu za afya. Unampa mtu anajaza hapana hapana hapana mpaka chini, hata hajasoma, anataka tu alale akandwe, afu ukishafika mgongoni ndo anakwambia ah hapo taratibu, nilipasuliwa. Sasa hivi fomu bado ninayo ila siitegemei, nauliza kwa mdomo, tumekaa, kabla hajavua nguo, na mlango umefungwa, manake hakuna atakayetaja mimba changa wakati kuna watu pembeni wanamsikia.

Kilichosaidia zaidi ni kuachana na lile swali la "una ugonjwa wowote?" Mtu aliyeishi na presha miaka na miaka hajioni mgonjwa, atakujibu niko fiti. Mimi nauliza kila siku unameza dawa gani? Hapo ndo unasikia ya presha, ya sukari, na kuna wanaotumia za kuzuia damu kuganda kama warfarin, huyo ukimkandamiza kwa kiwiko anavilia damu. Nauliza pia kama leo amemeza ya maumivu, maana mwili uliotulizwa hautakwambia umezidisha nguvu. Na mwenye sukari ya muda mrefu hivyohivyo, miguu yake inaweza isihisi vizuri, ukimuuliza nguvu inatosha atasema ongeza tu, so kwake sifuati jibu, naenda taratibu.

Swali lingine nisiloruka ni kama karibuni amefanyiwa upasuaji, amelala kitandani sana au amesafiri safari ndefu ya kukaa. Kuna mama alikuja akaniambia mwanangu nikandie hili shavu la mguu kwa nguvu, linanikaza tangu nishuke kwenye basi. Nikamwomba apandishe gauni kidogo nione miguu yote miwili. Mmoja wa kawaida, mwingine umevimba, ngozi inang'aa, ukiweka mgongo wa kiganja unasikia moto. Nikamwambia mama leo sikukandi, nenda hospitali sasa hivi, usingoje kesho. Akanuna, akasema amekuja kupumzika siyo kutishwa. Nikamweleza polepole kwamba damu ikiganda kwenye mshipa wa mguu halafu mtu akaukanda, lile bonge linaweza kung'oka likaenda mpaka kwenye mapafu, na hapo mtu anaweza kufa. Akaenda na mwanae, wakampima kwa ultrasaundi, bonge lilikuwepo kweli, akaanzishiwa dawa.

Tangu hapo kila swali nalitolea sababu yake, na nimeona watu wanafunguka sana wakijua kwa nini unauliza. Mjamzito namwambia nataka kujua ili nimlaze kwa ubavu, siyo nimfukuze. Mzio nauliza kwa kutaja, karanga, lozi, maana mafuta mengine yanatokana nazo. Homa au kidonda kibichi tunapanga siku nyingine, hakuna mjadala. Anayetibiwa kansa namwomba kwanza aongee na daktari wake.

Na kwa wateja wa kila wiki bado nauliza, kifupi tu, toka mara ya mwisho kuna dawa mpya, umeanguka, kuna sehemu imevimba? Wengine wanaona nawachosha lakini wanajibu, na mara nyingi jibu linakuja akiwa ameshashika kifungo cha shati, "eeh halafu nilisahau..." kwa hiyo hapo huwa sina haraka, nasubiri amalize.