Saini ya afande

Juni 2014 nilipigiwa simu kwamba jina langu limepita. Kozi ya wiki mbili, Botswana. Wakati huo nilikuwa Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, nyota moja begani, mpelelezi katika kituo kimoja hapa mkoani Mbeya, na safari yangu ya mbali kuliko zote ilikuwa ile ya kwenda Moshi, chuoni. Mke wangu aliuliza swali moja tu: "Posho ipo?" Nikamwambia ipo, na tiketi na malazi ni juu ya Wamarekani.

Chuo chenyewe, cha kuwanoa askari wa nchi mbalimbali, kipo Otse, kijiji kilicho kusini mwa Gaborone, jirani na chuo cha polisi cha Botswana. Serikali ya Marekani na ya Botswana zilikubaliana kukianzisha mwaka 2000. Vipo vingine vya namna hiyo, cha kwanza kikiwa Budapest tangu 1995, ila hiki cha Otse ndicho cha askari wa Afrika. Darasani kila mtu alikuwa na kidude sikioni, maana mwalimu aliongea Kiingereza, wenzetu wa Msumbiji wakamsikia kwa Kireno, na wengine kwa Kifaransa.

Mwezi wa sita Otse kuna baridi kali usiku. Wenzangu wa Dar es Salaam walilala na makoti. Mimi wa Uyole, kwenye baridi ya Mbeya, nilifungua dirisha. Wenyeji walitusifia kilima chao kuwa ni miongoni mwa vilele virefu vya nchi yao. Hakifiki mita 1,500. Soko letu la Mwanjelwa, Mbeya mjini, liko juu kuliko hapo, lakini mgeni hasemi, nikanyamaza. Kuna na majabali wanakozaliana tumbusi, panaitwa Mannyelanong. Askari mmoja Mtswana akanieleza maana yake kwa aibu aibu: mahali wanaponya tumbusi. Nilianza kucheka kabla hajamaliza, kwa sababu ile "nya" niliitambua mwenyewe.

Siku ya nne tukaingizwa kwenye chumba kilichopangwa kama sebule ya mtu. Kochi limepinduliwa, zulia lina damu ya kutengeneza, na ganda la risasi liko karibu na mguu wa meza. Tukaambiwa tufanye kama tunavyofanya nyumbani. Basi nikafanya kama nyumbani. Nikaingia moja kwa moja, nikaliokota lile ganda, nikalipuliza vumbi, nikalitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Kile kifungo nilikifunga nikijiona mwangalifu kweli.

Mwalimu, mzee wa Kimarekani mwenye mvi, hakusema neno. Jioni wakati wa chai akaniomba ganda alitazame, akampa Mnamibia, Mnamibia akampa mwingine, likarudi kwangu, sijui kwa njia gani. Asubuhi akauliza: "Jana saa kumi na nusu ganda lilikuwa kwa nani?"

"Kwangu, nadhani," nikajibu.

Waliosikia Kiingereza wakacheka. Tafsiri ikawafikia wa Kireno, nao wakacheka. Kisha wa Kifaransa. Nimechekwa mara tatu kwa kosa moja.

Ndipo akatugawia karatasi yenye safu: tarehe, saa, aliyetoa, aliyepokea, sababu. Kila mkono unaoshika kielelezo, yaani kitu cha ushahidi, usaini. Basi, ni hayo tu. Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba jambo hilo halikuwa geni kwetu. Mahakama yetu ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilikwisha kusema kwamba njia ya kielelezo ionekane kwa maandishi, tangu kinapokamatwa, nani alikishika, kikaenda wapi. Nilipanda ndege kufuata maneno yaliyokuwa yamekaa Tanzania yananisubiri.

Niliporudi kituoni nikabatizwa jina: Mtswana. Nilitoa kopi hamsini za ile fomu kwa pesa yangu, nikaziweka kaunta. Wiki moja baadaye vijana walikuwa wanaandikia namba za simu nyuma yake.

Agosti tukamkamata mtu kwenye gesti karibu na stendi akiwa na dhahabu ya wizi kutoka Makongolosi, kule Chunya. Aliificha ndani ya kopo la dawa ya viatu, kipande cheusi cheusi, hakizidi kokwa la zambarau. Sonara akakipima mbele ya mlalamikaji: gramu 21.3. Nikakitia kwenye bahasha ya kaki, nikazungusha selotepu, nikasaini juu ya selotepu, mlalamikaji naye akasaini, mtuhumiwa akaweka dole gumba.

Saa tatu usiku afande akaingia. Yeye Mrakibu, mkubwa wangu kwa cheo, kavaa koti zito.

"Lete hiyo kitu ikalale kwenye sefu yangu."

Sikumshuku, na nisimsingizie. Sefu yake ilikuwa salama kuliko kabati letu, ambalo kufuli lake lilifunguka kwa kijiko. Nikamkabidhi bahasha kwa mkono wa kulia, na fomu kwa wa kushoto.

"Nini hii?"

"Naomba usaini, afande. Kwamba umepokea."

Konstebo wa kaunta akainama kutafuta kitu chini ya meza, na hakuinuka tena.

"Mimi nikusainie wewe?"

"Siyo mimi, afande. Ni hiyo bahasha."

Akaisoma fomu taratibu, akaigeuza. Nyuma yake kulikuwa na mwandiko wa kalamu nyekundu. Akausoma kwa sauti: "Chipsi kavu mbili, yai moja. Na hizi nazo ni kielelezo?"

Jasho likanitoka, Mbeya, mwezi wa nane, usiku. Nikachomoa fomu nyingine safi, nikajaza upya huku mkono unatetemeka. Akatoa kalamu yake mfukoni, kisha akasita.

"Umeandika saa ngapi?"

"Saa tatu na dakika kumi, afande."

Akatazama saa yake, akatazama ya ukutani. "Saa yako inakimbia. Ni tatu na sita. Andika nyingine."

Nikaandika ya tatu. Akasaini, saini kubwa iliyovuka mstari mpaka kwenye safu ya sababu, akatoka na bahasha bila kuaga.

Sikulala. Nilimwambia mke wangu aanze kuzoea habari ya uhamisho.

Saa mbili asubuhi afande alikuwa kaunta kabla yangu, bahasha mbele yake, fomu juu yake. Nikampigia saluti. Hakuitikia.

"Kalamu," akasema. Akasaini kwenye safu ya aliyetoa, akaigeuzia fomu kwangu na kuigonga kwa kidole.

"Na wewe saini kwamba nimekurudishia. Lakini kwanza ikague hiyo selotepu. Hapa hapa, mbele yangu."