Hela Iliyokosea Njia

Jumamosi moja asubuhi, nikiwa nasubiri chapati kwenye banda la mama mmoja jirani yangu hapa Dar es Salaam, mama huyo aliacha kusukuma unga, akanitazama kwa makini, kisha akauliza: “Kaka, wewe si ulisoma sheria? Hebu niambie, mimi ni mwizi?”

Nilisoma sheria kweli, ingawa sikuwahi kuwa wakili, na watu wa mtaani wamezoea kuniuliza mambo ambayo hawathubutu kumpelekea wakili kwa kuogopa ama gharama ama kuchekwa. Nimeshaulizwa maembe yanayodondokea uani kwa jirani ni ya nani, na kama ahadi iliyotolewa mbele ya wazee bila maandishi ni mkataba (kwa kawaida inaweza kuwa, na tabu huja kwenye kuithibitisha). Sikuwahi, hata hivyo, kumsikia mtu akijishtaki mwenyewe.

Alinipa simu, kioo chake kikiwa na alama ya kidole chenye unga. Ujumbe wa kwanza ulisema amepokea shilingi 85,000 kutoka kwa mtu ambaye jina lake hakulifahamu. Ujumbe wa pili, uliofuata papo hapo, ulisema amekatwa shilingi 38,000 kufidia mkopo wa simu aliokuwa amekopa kununulia unga na mafuta na ambao ulikuwa umepitiliza muda wa kulipa. Salio lilikuwa 47,000 na senti zake. Hakuna aliyekuwa amepiga simu kudai. Yeye hakuwa amegusa hata shilingi moja, na bado deni lake lilikuwa limelipwa kwa fedha ya mtu asiyemjua.

Nilimwomba aniongezee chapati moja, kwa sababu niliona jibu litachukua muda.

Watu wengi huchanganya maswali mawili ambayo sheria huyatenganisha: kama una deni, na kama una hatia. Tuanze na la deni. Sheria yetu ya Mikataba, Sura ya 345, ilitungwa mwaka 1961 kwa kuifuata kwa karibu ile ya India ya mwaka 1872. Huduma ya kutumiana fedha kwa simu ilifika Tanzania mwaka 2008, kwa hiyo waliotunga sheria hiyo hawangeweza kuiota, lakini waliacha ndani yake kifungu kifupi kisemacho kwamba mtu aliyelipwa fedha, au aliyekabidhiwa kitu, kwa makosa au kwa kushurutishwa, anapaswa kuilipa au kukirudisha. Mama huyu na yule mtumaji hawakuwahi kupatana jambo lolote, wala hawajuani hata kwa sura, na bado wajibu upo, kwa sababu haujengwi juu ya makubaliano bali juu ya ukweli kwamba cha mtu kimeingia mfukoni mwa mwingine bila sababu. Hakuna mahali kifungu hicho kinapotaka mtumaji awe alikuwa makini. Aliyebonyeza namba huku akiwa amening'inia mlangoni mwa daladala naye ana haki ya kurudishiwa chake.

Swali la hatia liko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, katika maelezo ya wizi ambayo wanafunzi wa sheria kwa miaka mingi wameyakariri kama kifungu cha 258. Mwizi ni yule anayechukua kitu, au anayekigeuza kuwa cha matumizi yake, kwa hila na bila kuwa na dai la haki juu yake. Kupokea tu hakutoshi, maana mama huyu hakuchukua kitu, kililetwa. Ila pale anapojua kwamba fedha si yake, kisha akaenda kwa wakala kuitoa ili anunue gesi, hapo ndipo anapoingia kwenye neno lile la pili, kugeuza.

Ndipo akaniuliza swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo bora kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu: “Na kama ningeitumia leo, nikairudisha yote mwisho wa mwezi?” Wengi wetu tungeapa kwamba huko ni kuazima tu. Watunga sheria walilitarajia. Katika orodha ya nia zinazohesabiwa kuwa za hila, waliweka moja mahususi kwa fedha: nia ya kuitumia kwa matakwa ya aliyeichukua, hata kama anakusudia baadaye kumlipa mwenyewe kiasi hicho hicho. Inaonekana ni ukali, na nadhani ni ukali wa makusudi. Karani anayechota fedha ya ofisi siku ya Ijumaa ili airudishe Jumatatu huwa na nia njema vilevile.

Zile 38,000, basi, zina hukumu gani? Hapa nilimwondolea hofu. Fedha ilikatwa na mtambo kabla hajasoma ujumbe, na hila haiwezi kuwepo mahali ambapo hapakuwa hata na uamuzi. Kwa hiyo si mwizi. Mdaiwa ni mdaiwa, kwani amefaidika: jana alikuwa anadaiwa mkopo, leo hadaiwi. Angeweza kubisha kwamba hakuwahi kuishika fedha yenyewe, na wakili mjanja angeweza kulivuta hilo kwa muda mrefu, lakini sioni hakimu akikubali kwamba mtu aliyelipiwa deni hakupata kitu.

Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa anakunywa chai pembeni alidakia kwamba yeye angenyamaza tu mpaka mwenyewe asahau. Angenyamaza muda mrefu, maana kwa madai ya namna hii Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, inampa mdai miaka 6 ya kufungua shauri, achilia mbali kwamba ukomo huo ni wa madai tu na haufuti jinai. Kijana akageukia upande mwingine. Alishawahi kuokota noti ya shilingi 10,000 pale Kariakoo, je, naye ni mwizi? Utotoni tulikuwa tukisema cha kuokota si cha kuiba, na Kanuni ya Adhabu inakubaliana na watoto nusu nusu: aliyeokota hahesabiwi kuwa na hila ikiwa, wakati anakifanya kitu kuwa chake, hamjui mwenyewe na anaamini kwa sababu za msingi kwamba hawezi kupatikana. Noti moja katikati ya msongamano wa Kariakoo inaweza kupita kwenye tundu hilo. Pochi yenye kitambulisho cha taifa haipiti. Mzee mmoja aliyekuja kununua vitumbua alisikiliza, kisha akasema kwamba katika fikihi, yaani sheria za Kiislamu, kitu kama hicho hutangazwa mwaka mzima kwanza. Kijana wa bodaboda akamuuliza noti inatangazwaje, kila mtu si atasema ni yake? Mzee hakumjibu.

Fedha iliyotumwa kwa simu haina tundu hilo, kwa kuwa inakuja na jina na namba ya mwenyewe.

Nilimsihi mama jambo moja tu: asiirudishe kwa mkono wake kwa mtu yeyote atakayempigia. Sote tumeshapokea ule ujumbe wa matapeli, “ile hela itume kwenye namba hii”, na ukimpa mpigaji ambaye siye, deni lako kwa mtumaji wa kweli linabaki palepale. Alipiga huduma kwa wateja, akasubiri huku muziki ukilia na chapati moja ikiungua, na hatimaye wakamwambia kwamba zile 47,000 wanazizuia hadi mtumaji atakapothibitishwa.

Mtumaji alipatikana Jumanne. Alikuwa fundi seremala aliyekuwa anamtumia mkewe ada ya mtoto, akakosea tarakimu ya mwisho. Kwa zile 38,000 walielewana kwa simu kwamba mama atamlipa 10,000 kila wiki, na wiki ya mwisho 8,000. Nilimshauri awe anatuma kwenye namba ile ile iliyoleta hela, ili kila ujumbe uwe risiti.

Jana nilipopita kununua chapati alikuwa bado anadaiwa awamu mbili, na alikuwa na swali jipya. “Kaka, Mungu apishe mbali, lakini je, yule fundi akifariki kabla sijamaliza?” Nikamwambia atamlipa msimamizi wa mirathi. Akafikiri kidogo, akageuza chapati. “Na nikifariki mimi?”

Nikamwomba aniongezee moja.