Siku moja maishani mwangu: milimita 14 kati ya boriti mbili

Saa mbili asubuhi nilikuwa nimeshaketi mezani, hapa Dar es Salaam, nikiwa na kazi moja tu: sakafu ya chuma ya ghala, mita 18 kwa 12. Inabebwa na boriti kuu zenye kimo cha milimita 406 na boriti ndogo 26 zenye kimo cha milimita 203, zilizopangwa kila baada ya mita 1.5. Boriti ndogo hazikukalishwa juu ya zile kuu, bali nyuso zao za juu ziko sawa ili sakafu ilale tambarare, na kwa sababu hiyo mistari yao ya katikati inapishana kwa takriban milimita 102. Kwenye jengo hilo si tatizo, lakini programu ya uchambuzi haioni unene wa chuma. Inaona mistari na nodi tu, yaani nukta ambapo mistari hukutana.

Saa tatu nilianza kuipanga mistari hiyo ndani ya Revit, programu ya kuchora majengo. Tangu toleo la 2023, boriti haizaliwi tena pamoja na mstari wake wa uchambuzi, na ingawa kazi imeongezeka, nalipenda badiliko hilo kwa kuwa linamtaka mhandisi aamue mwenyewe nguvu inapita wapi. Niliishusha mistari ya boriti ndogo hadi usawa wa boriti kuu, ncha zote mbili kwa pamoja, maana ukishusha ncha moja boriti inainama.

Saa tano tuliendesha hesabu kwenye Robot, ile programu ya uchambuzi, kwa mzigo wa kilonyutoni 5 kwa kila mita ya mraba. Jumla ya nguvu kwenye egemeo ilikuwa kilonyutoni 1,080, sawasawa na hesabu ya mkono.

"Dada, jumla imekubali," alisema kijana anayefanya mafunzo ya vitendo kwetu.

Nilimwomba tutazame kwanza mchoro wa momenti, yaani nguvu inayopinda boriti. Boriti ndogo ya mita 6 iliyoegemea tu kwenye ncha zote mbili inapaswa kuonyesha kilonyutoni-mita 33.75 katikati, lakini moja ilionyesha karibu 134, tena kwenye ncha.

Mchana ulipita tukimtafuta mkosaji. Nilipoivuta picha karibu sana, niliona mstari umeishia milimita 14 kabla ya boriti kuu, upana wa kidole. Ulikuwa umefuata chuma chenyewe, ambacho hukatwa kifupi kidogo ili kiingie kwa nafasi kando ya ubavu wa boriti kuu. Boriti ile ilikuwa inaning'inia kwa ncha moja kama roshani, na kwa vile sikuwa nimelegeza momenti za ncha, yaani kuziruhusu ncha zizunguke, programu haikulalamika. Jumla nayo isingeweza kuifichua, kwa sababu mzigo haukupotea, ulihamia upande mmoja tu.

Saa tisa niliurefusha mstari hadi kwenye nodi, nikalegeza momenti za ncha zote na kurudia hesabu. Momenti ilirudi 33.75. Kisha kijana alizifungua boriti 25 zilizobaki, moja baada ya nyingine, huku nikitazama.

Saa kumi na moja nilimtumia mwenzangu anayesanifu viungo nguvu za boriti ile: kilonyutoni 22.5 kila ncha. Kwa hesabu ya asubuhi angepokea karibu 45 kwa bolti za upande mmoja, na sifuri kwa upande wa pili.