Jukwaa la mwalimu lilivyogeuka miguu ya madawati

Nafundisha pedagojia hapa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika shule ya sekondari yenye mchepuo wa ualimu, ule unaoandaa walimu wa shule za msingi. Kwa miaka mingi nilisimama mbele nikiwaambia vijana wangu: mwalimu mzuri huzunguka, huinama kwenye daftari la mtoto, huwapa watoto kazi za vikundi. Waliandika yote, na kwenye mtihani walijibu vizuri.

Siku moja ya mazoezi ya kufundisha nilimfuata binti mmoja, mwerevu kweli, kwenye darasa la kwanza. Somo zima alisimama kando ya ubao, chaki mkononi, akipaza sauti. Herufi ya siku hiyo ilikuwa m. Kwenye dawati la mwisho mtoto alikuwa ameigeuza juu chini, ukurasa mzima umejaa w, na hakuna aliyemwona. Tulipotoka nikamuuliza mbona hakuzunguka. Akajibu kwa adabu: "Madamu, nipite wapi?"

Niliporudi kwenye chumba chetu cha darasa nilikiangalia upya. Madawati marefu, mabanki kama tunavyosema huku, ya watu wanne wanne, yamebanana ukuta hadi ukuta. Mbele jukwaa la mbao, na juu yake mimi. Binti yule hakuwahi kumwona mwalimu akipita kati ya wanafunzi, hata mimi mwenyewe. Mdomo wangu ulifundisha hivi, chumba kikafundisha vile, naye alikisikiliza chumba.

Hatukuwa na fedha za kujenga, kwa hiyo tulianza kwa kupima. Wiki nzima vijana walichora kwa chaki sakafuni mahali jua linapoangukia: saa mbili, saa nne, saa sita, saa tisa. Madirisha yetu yanatazama mashariki na magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liliingia chini chini hadi kwenye ubao, na waliokaa upande wa magharibi waliona mng'ao mtupu. Wengine nilikuwa nimeshawaita wavivu wa kunakili. Hilo bado linaniuma.

Jengo haligeuzwi. Ila anayejenga darasa jipya mji huu aelekeze madirisha kaskazini na kusini. Jua letu hupita juu juu, sehemu kubwa ya mwaka likiegemea kaskazini, na ubaraza mfupi unatosha kulizuia. Sisi tulisuka pazia la matete kwa dirisha la kwanza. Kisha tukagundua kwamba ubao ulikuwa umepakwa rangi ya mafuta inayong'aa. Tukaukwangua kwa msasa, tukapaka rangi nyeusi isiyong'aa. Kazi ya siku mbili.

Madawati ndiyo yaliyotusumbua. Nilimwita seremala, mzee wa mtaani, nikamwambia nataka kila dawati likatwe mawili. Akaligonga kwa kidole, akacheka kidogo. "Mama, hili lina miguu ya pembeni tu. Nikilikata katikati, kila nusu inabaki na mguu mmoja. Miguu mingine tutaitoa wapi?" Tukanyamaza. Halafu mmoja wa vijana akatazama jukwaa, na sote tukalitazama. Mulombwa mtupu, mti mgumu wa huku, mbao nene, hazijaliwa na mchwa.

Baba Prefe, mkuu wa shule yetu, hakupenda. "Mwalimu akishuka hapo, heshima yake itabaki wapi?" Simlaumu, yeye naye alifundishwa kutoka juu ya jukwaa. Nikamwambia: "Baba Prefe, nipe miezi mitatu. Ikishindikana, nitalijenga upya kwa mshahara wangu." Akakubali. Wazazi wakachanga misumari, na ncha za miguu yote tukazipaka mafuta machafu ya gari, maana mchwa wa huku hausamehi.

Mwanzoni nilikosea. Nilipanga madawati kwa duara ndogo ndogo kila siku, na nusu ya darasa ikawa imeupa ubao mgongo, shingo zinauma. Sasa tunapanga kwa umbo la kwato ya farasi wakati wa maelezo, na tunasogeza pawe makundi pale tu kazi inapodai. Njia kati ya madawati tunaipima kwa kamba ya sentimita 60. Vijana wamejifunza kubadili chumba kwa dakika nne bila kelele, na hilo lenyewe ni somo.

Nyongeza ninayoipenda kuliko zote ni mbao ndogo za kuandikia ukutani. Kabla ya kuzitundika, vijana walikwenda shule ya msingi jirani, wakawaomba watoto wa darasa la kwanza wainue mikono, wakaweka alama mkono unapofika bila mtoto kusimama kwa vidole. Walishangaa jinsi alama zilivyokuwa chini. Zamani katika kipindi kizima kijana mmoja tu aliandika ubaoni. Sasa wanane huandika kwa pamoja. Kwenye mbao hizo tunafanya pia masomo mafupi, kama Dwight Allen na wenzake walivyoanzisha katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, miaka ya 1960: unafundisha wenzako wachache kwa dakika chache, unasikiliza maoni yao, unarudia.

Mwenzangu mmoja aliniuliza faida iko wapi, ikiwa vijana hawa watakwenda kukuta vyumba vimefurika watoto. Ni kweli. Katiba ya 2006 ilisema shule ya msingi ya serikali ni bure, lakini ada zilipoondolewa hasa, Septemba 2019, watoto walimiminika na vyumba havikutosha. Ndiyo maana tunafanya mazoezi na chumba kikiwa kimejaa: tunaalika darasa la pili la mchepuo, tunabanana, na kijana anatafuta njia ya kumfikia aliye nyuma kabisa. Wengine huacha njia moja tu katikati, wengine huhamisha watoto badala ya madawati.

Mvua bado inatushinda. Ikipiga bati mwezi wa Desemba, sauti yangu haifiki hata dawati la pili. Tumeanza kusuka mikeka ya matete ya kuning'iniza chini ya paa. Theluthi moja iko tayari, na mvua ya kwanza iko njiani.