Mche wa sabuni

Leo soko la Owino, Kampala, muuzaji bado anakata mche wa sabuni kwa uzi. Nimefurahi sana kumwona!

Wakubwa mnakumbuka. Idi Amin aliwafukuza Waasia mwaka 1972, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikadorora. Sukari, chumvi, sabuni: vyote magendo.

Hapo ndipo akina mama walipoonyesha ujuzi wa kuifanya sabuni idumu.

Mche hukatwa ungali laini, kwa uzi au waya mwembamba. Kisu kinene huumegua.
Vipande vinapangwa kivulini penye upepo, visigusane, na kugeuzwa mara kwa mara kwa wiki mbili tatu.
Maji yanatoka, sabuni inakaza, haiyeyuki ovyo kwenye beseni.

Juani? Hapana kabisa. Nje hukauka kabla ya ndani, kipande kinapasuka, na mapande yanaishia kwenye maji machafu.

Hata masalia hayakutupwa: yanaloanishwa kwa maji moto kidogo, yanafinyangwa tonge moja, yanakaushwa tena. Maji ya kufulia yakatumika kusugulia sakafu.

Ustadi huu unastahili heshima.

Kwenu sabuni ilikaushiwa wapi, darini au juu ya kabati? Na chumvi mliihifadhije isilowe?